Drupal 7 inakoma tarehe 5 Januari 2025: kwa nini wengi wetu bado tuko huko, na tunahamaje kwa muda uliobaki?

#1 Mhariri_Mkazi · 12 Agosti 2024

Wanajamvi, habari za asubuhi.

Nahudumu katika taasisi ya utafiti ambayo tovuti yake inaendeshwa kwa Drupal 7, yaani toleo la 7 la programu ya Drupal ya kujenga na kusimamia tovuti. Kama mnavyofahamu, usaidizi rasmi wa toleo hilo unakoma tarehe 5 Januari 2025, miaka 14 kamili tangu lilipotoka tarehe 5 Januari 2011. Baada ya hapo timu ya usalama ya Drupal haitatoa viraka tena, yaani marekebisho ya kuziba matundu ya usalama, hata tundu likiwa kubwa kiasi gani. Tovuti yetu ina maelfu ya kurasa kwa Kiswahili na Kiingereza, maktaba ya machapisho ya PDF, na fomu za maombi ya mafunzo ambazo zimekuwa zikipokea majina na namba za simu za watu tangu 2013. Bajeti ya mwaka wa fedha 2024/2025 imeshapitishwa, na kazi hii haimo.

Nina maswali mawili. La kwanza, ni njia ipi ya kuhama inayowezekana kwa muda uliobaki? La pili linanisumbua zaidi: kwa nini taasisi nyingi kiasi hiki, zenye mafundi wazuri, zimefikiwa na tarehe hii zikiwa palepale, ilhali toleo la 8 lilitoka mwaka 2015? Nisipoweza kulijibu hilo mbele ya wakubwa sitapewa fedha, kwa sababu wataniuliza ni nini kitakachozuia hali hii isijirudie.

Nawasilisha.

#2 Nyuzi71 · 12 Agosti 2024

Mkuu, kunywa chai. Walisema Novemba 2021, wakasogeza hadi Novemba 2022, wakasogeza tena hadi Novemba 2023, na sasa ni Januari 2025. Hata hii itasogezwa.

#3 Fundi_Seva · 12 Agosti 2024

Nyuzi71, tarehe ulizozitaja ni sahihi, lakini hitimisho lako si sahihi. Tangazo la Juni 2023 lilisema wazi kwamba huo ndio msogezo wa mwisho, na liliambatana na masharti ambayo yameshaanza kutumika tangu Agosti 2023: matundu ya Drupal 7 yasiyo makubwa sana yanaweza kujadiliwa hadharani kabla hayajazibwa, na moduli (programu ndogo ya nyongeza) ya toleo la 7 ikishatangazwa kuwa haina msimamizi hairudishwi tena kwenye orodha ya zinazosaidiwa. Kwa hiyo usaidizi haukomi siku moja ya Januari. Umekuwa ukipunguzwa kwa mwaka mzima, na wengi hatukuona.

Mleta mada, kuhusu swali lako la pili, jibu langu ni la kiufundi. Kutoka toleo la 6 kwenda la 7 ulikuwa unaboresha tovuti ileile mahali pake. Kutoka 7 kwenda 8 njia hiyo ilikatwa. Kiini, yaani programu ya msingi ya Drupal, kilijengwa upya juu ya vipande vya Symfony (mkusanyiko wa misimbo ya PHP, lugha ambayo Drupal imeandikwa kwayo), violezo vya PHPTemplate (mafaili yanayopanga sura ya kurasa) vikaondolewa na Twig ikaingia, mipangilio ikawa inasafirishwa kwa mafaili ya maandishi ya YAML, na usimamizi wa moduli ukahamia kwa Composer (chombo cha kupakua na kusasisha vifurushi vya PHP). Unasimamisha tovuti mpya iliyo tupu, kisha moduli ya Migrate inavuta maudhui kutoka ya zamani. Kila kiolezo kinaandikwa upya, na kila moduli uliyojiandikia inaandikwa upya. Mtu aliyejenga tovuti yake kwa moduli themanini hakuona ni kwa nini aingie gharama hiyo wakati toleo la 7 lilikuwa linafanya kazi vizuri.

#4 BintiTanga · 12 Agosti 2024

Naomba kutofautiana na Fundi_Seva, ingawa yote aliyoyasema kuhusu Symfony ni kweli. Ugumu wa kazi haukuwazuia watu kujenga tovuti mpya. Umewazuia tu kuhamisha za zamani, na tofauti hiyo iko kwenye mkataba. Nimeshiriki kuandaa zabuni za tovuti kwa zaidi ya taasisi moja, na karibu zote zilikuwa na kipengele cha kujenga, kipengele cha kufundisha watumishi, na dhamana ya mwaka mmoja. Baada ya dhamana hakuna jina la mtu wala kasma. Fedha za mradi zinatoka kwa mfadhili, mradi unafungwa, na tovuti inabaki ofisini pasipo mwenyewe. Matoleo ya 8 na 9 yalitoka na kukoma, la 8 tarehe 2 Novemba 2021 na la 9 tarehe 1 Novemba 2023, na taasisi yako haikujua kwa sababu hakuna aliyelipwa kujua.

#5 Mwanamaji · 12 Agosti 2024

Salamu kutoka Mombasa. Nyote wawili mmeisahau seva. Wateja wangu wengi wako kwenye seva za kushirikiana za bei nafuu, ambako huna ruhusa ya kuingia kwa mstari wa amri, kumbukumbu ni ndogo, na Composer ikianza kupanga vifurushi inazimwa katikati. Mwingine bado yuko kwenye PHP 7.4, ambayo yenyewe ilikoma Novemba 2022. Drupal 10 inadai PHP 8.1 na kuendelea. Ukimwambia mteja abadilishe seva kwanza, halafu hifadhidata, halafu ndipo tuanze kuzungumzia tovuti, anakuambia atakupigia simu. Wewe ndiye unayempigia, naye hapokei.

Dawa ipo: jenga kila kitu kwenye kompyuta yako, kisha pandisha folda nzima pamoja na ile ya vendor yenye vifurushi vya Composer. Inafanya kazi, lakini siku ya kiraka cha usalama unarudia upya, na kama uko safarini tovuti inakusubiri.

#6 Mzee_Kadi · 13 Agosti 2024

Nimesoma maelezo ya kiufundi, ya zabuni na ya seva, na yote yana sehemu yake. Langu ni jingine, na Nyuzi71 amelionyesha bila kukusudia. Misogezo yenyewe ndiyo iliyotuchelewesha.

Niliwahi kupeleka andiko kwa menejimenti likiwa na tarehe ya Novemba 2021 kwa herufi nzito. Likakubaliwa kwa shingo upande, na kabla fedha hazijatoka tarehe ikasogezwa kwa sababu ya UVIKO-19. Mhasibu alinitazama kama mtu aliyepiga kelele za mwizi usiku mtaani na mwizi asionekane. Mwaka uliofuata nilipeleka tena, tarehe ikasogezwa tena. Sasa hivi nikitamka neno Januari, mkurugenzi anatabasamu. Wale waliotaka kupanga mapema ndio walioonekana waongo, na waliokaa kimya walionekana wenye busara. Msogezo ulifanywa kwa huruma, lakini katika ofisi zetu uliwavunja nguvu waliotaka kuhama mapema.

#7 Nyuzi71 · 13 Agosti 2024

Kumbe mzee tunakubaliana! Tarehe ya programu ni pendekezo tu.

#8 Kitanzi · 13 Agosti 2024

Si pendekezo, Nyuzi71. Mmesahau ile ya 2018, ambapo tovuti ambazo hazikuzibwa ndani ya saa 7 zilihesabiwa kuwa zimeshavamiwa? Na hapo usaidizi ulikuwepo. Sasa fikiria tundu la namna hiyo likitokea mwezi Machi 2025.

#9 Fundi_Seva · 13 Agosti 2024

Kitanzi, hoja yako nzuri, ila umechanganya matukio mawili. Saa 7 ni za mwaka 2014. Kiraka kilitoka tarehe 15 Oktoba 2014, tundu likiwa la kuingiza amri za SQL kupitia fomu bila hata kuwa na akaunti, na tarehe 29 Oktoba ndipo timu ya usalama ikatoa onyo kwamba kila tovuti ambayo haikuzibwa ndani ya saa 7 tangu tangazo la kwanza ichukuliwe kuwa imevamiwa. Tukio la 2018 ni jingine. Tuliarifiwa wiki moja kabla kwamba kiraka kikubwa kinakuja, kikatoka tarehe 28 Machi, na mashambulizi ya jumla yakaanza katikati ya Aprili baada ya mbinu kuchapishwa hadharani. Anayepanga ratiba anapaswa kutofautisha hayo mawili, kwa maana mara moja tulipewa karibu wiki mbili na mara nyingine tulinyimwa hata siku moja.

Kwa faida ya Nyuzi71 nitasema na lile litakalomfurahisha: mwaka 2018 hata Drupal 6, iliyokoma Februari 2016, ilipatiwa kiraka na kampuni zilizokuwa zikiendelea kuisaidia.

#10 Nyuzi71 · 13 Agosti 2024

Nimefurahi. Naomba bandiko hilo liwekwe kwenye fremu.

#11 Mhariri_Mkazi · 14 Agosti 2024

Nashukuru kwa michango yote. Nirudi kwenye swali la njia. Toleo la 11 limetoka mwanzoni mwa mwezi huu, tarehe 2 Agosti. Je, tuelekee huko moja kwa moja, au tuhamie la 10? Na wale mliowahi kufikiria kuondoka Drupal kabisa, mlielekea wapi?

#12 Fundi_Seva · 14 Agosti 2024

Nenda toleo la 10. La 11 linadai PHP 8.3, na moduli nyingi za nje zinahitaji miezi kadhaa kulifikia. Ukikwama kwa moduli moja mwezi Novemba, umekosa tarehe. La 10 litaendelea kusaidiwa hadi mwaka 2026, na kutoka 10 kwenda 11 hakuna kuhama: unaisafisha misimbo iliyopitwa na wakati, unaiendesha moduli ya Upgrade Status ikuonyeshe kilichobaki, unapandisha. Mateso ya 7 kwenda 8 hayarudii.

#13 Kitanzi · 14 Agosti 2024

Ahadi hiyo niliisikia pia wakati wa toleo la 8. Ni kweli kwamba 8 kwenda 9 kulikuwa rahisi kwa kiini, lakini 9 kwenda 10 nilikuta CKEditor 4 (kihariri cha maandishi) imeondolewa na 5 imeingia, na vitufe vyote ambavyo wahariri wangu walivizoea vilitengenezwa kwa ile ya 4. Wiki nzima simu yangu ilikuwa inauliza kitufe cha jedwali kimekwenda wapi.

#14 Msomi_wa_Kilifi · 14 Agosti 2024

Mbona hakuna aliyeitaja Backdrop? Ni tawi lililotokana na Drupal 7 lenyewe, toleo lake la kwanza likatoka Januari 2015, na waanzilishi wake waliona mapema haya anayoyasema Fundi_Seva: kwamba taasisi ndogo hazitaweza kuvuka kwenda 8. Tovuti ya Drupal 7 inaboreshwa hadi Backdrop mahali pake, kwa hifadhidata ileile. Views (moduli ya kutengeneza orodha) imo ndani ya kiini, na moduli nyingi maarufu zimeshatafsiriwa kwa mfumo huo. Moduli uliyojiandikia unairekebisha bila kuitunga upya. Kwa taasisi isiyo na bajeti sioni njia nyingine ya uaminifu.

#15 BintiTanga · 14 Agosti 2024

Msomi, kwa tovuti ya lugha moja nakuunga mkono bila kusita. Kwa lugha mbili ningetaka kwanza kuiona ikifanya kazi. Ukubwa wa kazi ya mleta mada umejificha kwenye lugha, na nieleze kwa mfano, maana hapo ndipo nimewaona watu wakiumia.

Katika Drupal 7, kama mlitumia njia ya kawaida ya tafsiri, ukurasa wa Kiswahili ni nodi moja (rekodi moja ya maudhui) na wa Kiingereza ni nodi nyingine. Tuseme node/412 ni Kiswahili na node/413 ni Kiingereza, zikiwa zimeunganishwa kwa namba ya tafsiri tu. Katika Drupal 8 na kuendelea zote mbili zinakuwa nodi moja yenye lugha mbili. Baada ya kuhama, 412 ipo na 413 imetoweka. Mfumo wa kuhamisha unajitahidi kumwelekeza anayefungua /node/413 aende mahali sahihi, na anwani zilizotengenezwa na moduli ya Pathauto zinahamishwa. Lakini viungo ambavyo wahariri walivibandika kwa mkono ndani ya makala, pamoja na vile vilivyochapishwa ndani ya PDF zenu na kwenye vipeperushi, hakuna atakayekuhakikishia mpaka uvijaribu kimoja kimoja. Kama mlitumia moduli ya Entity Translation hadithi ni tofauti, kwani pale nodi ilikuwa moja tangu mwanzo. Kabla hujaandika ratiba yoyote, fahamu mlitumia ipi. Nimekuta tovuti zilizotumia zote mbili, kila moja ikiwa imeachwa na fundi wake.

#16 Mhariri_Mkazi · 15 Agosti 2024

Nimeangalia. Tunatumia zote mbili.

#17 Mzee_Kadi · 15 Agosti 2024

Pole sana mwanangu.

#18 Tovuti_Bure · 15 Agosti 2024

Hamia WordPress, uzi ufungwe.

#19 Kitanzi · 15 Agosti 2024

Tulijua utafika. Ulichelewa wapi?

WordPress itamfaa mtu mwenye habari na kurasa chache. Mleta mada ana machapisho yenye waandishi, mazao, mikoa na miaka, na kila kimoja ni orodha inayochujwa. Katika Drupal hizo ni nyuga (sehemu za kujaza taarifa) na taksonomia (makundi ya kupanga maudhui), na Views inazisoma. Kwa WordPress utazijenga kwa programu-jalizi, nyingine tena kwa ajili ya lugha mbili, na kila moja ina mwenye nayo na tarehe yake ya kufa. Si kwamba haiwezekani. Ninachokataa ni kusema kwamba ni rahisi.

#20 Tovuti_Bure · 15 Agosti 2024

Lakini wahariri wanaijua, Kitanzi, na kila kijana anayemaliza chuo anaijua. Mnatafuta sababu ya watu kubaki toleo la 7, nami nawapa: fundi wa Drupal akiondoka hupati mwingine kwa mshahara uleule. Tovuti haikukwama kwa sababu ya Symfony wala ya mkurugenzi. Ilikwama siku fundi alipopata kazi Nairobi.

#21 Mwanamaji · 15 Agosti 2024

Hili la Tovuti_Bure nalikubali kuliko nilivyotarajia.

Niongeze jambo moja la kukaguliwa mapema. Drupal 7 ilikuwa na moduli ya PHP Filter ndani ya kiini, iliyomruhusu mtu kuandika msimbo wa PHP ndani ya makala na ukatekelezwa. Tangu toleo la 8 imeondolewa kwenye kiini, na kwa sababu nzuri. Mafundi wa zamani waliipenda mno. Endesha ombi hili kwenye nakala ya hifadhidata yako, si kwenye tovuti iliyo hewani:

`SELECT entity_id FROM field_data_body WHERE body_format = 'php_code';`

Kila namba itakayotoka ni ukurasa ambao hautahama salama. Kagua pia vijisanduku vya pembeni, kwa sababu navyo vina jedwali lake na tabia ileile.

#22 Wakili_wa_Data · 16 Agosti 2024

Nimefuatilia kimya, lakini zile fomu za tangu 2013 zinanilazimu kuandika. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Namba za simu za waombaji wa miaka kumi iliyopita, ambao mafunzo yao yamekwisha, zina sababu gani ya kuhamishwa? Moduli ya Webform iliandikwa upya kabisa kwa toleo la 8, na majibu yake hayahamishwi na kiini, bali kwa moduli ya nyongeza. Mtaingia gharama ya kuhamisha kitu ambacho huenda sheria inawataka mkifute. Anzeni na kufuta, kwa kumbukumbu ya maandishi inayoonyesha nani aliamua na kwa msingi gani. Na hapa wakubwa watakusikiliza, maana tarehe ya programu wanaweza kuidharau, lakini Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi wataiogopa.

#23 Mzee_Kadi · 16 Agosti 2024

Mheshimiwa Wakili, umenipa silaha ambayo nimeikosa kwa miaka mitatu.

#24 Fundi_Seva · 16 Agosti 2024

Kufuta ndiyo kazi ya kwanza, na iende mbali zaidi ya fomu. Tovuti ndogo za makongamano ya zamani, kurasa za miradi iliyofungwa na matangazo ya kazi ya 2014 yageuzwe kuwa mafaili ya HTML tu. Amri ya `wget --mirror`, inayonakili tovuti nzima, inatosha kwa kazi hiyo, na ukishamaliza hakuna hifadhidata ya kuvamia. Anwani zinabaki zilezile na msomaji hajui. Kinachobaki ndicho kinahamishwa.

Halafu fanyeni majaribio ya kuhamisha mapema, hata kabla ya violezo. Migrate inaruhusu kuingiza, kukagua, kurudisha nyuma na kuingiza tena, kwa hiyo tovuti ya zamani inaendelea kufanya kazi wakati mnajifunza. Wahariri wanaombwa wasimame kwa siku chache za mwisho tu. Kama Januari itafika kazi haijaisha, zipo kampuni zilizokubaliwa kuuza viraka vya toleo la 7 baada ya usaidizi kukoma, Tag1 na HeroDevs zikiwemo, lakini ichukuliwe kuwa ni malipo ya kuchelewa, yaingizwe kwenye bajeti kwa jina hilohilo.

#25 BintiTanga · 16 Agosti 2024

Na nani atasaini malipo hayo, Fundi? Tunarudi kwenye mkataba. Bila mtu mwenye jina na kasma yake, mwaka 2026 tutafungua uzi kama huu kuhusu toleo la 10.

#26 Kitanzi · 16 Agosti 2024

Mwenye jina akiwepo na seva ikiwa ya PHP 7.4, utafungua uzi huohuo.

#27 Mhariri_Mkazi · 19 Agosti 2024

Ndugu zangu, ahsanteni. Andiko limekwenda kwa menejimenti asubuhi hii likiwa na sababu zenu zote nne au tano, maana sikuweza kuchagua moja, na aya ya Wakili nimeiweka ya kwanza.

Ombi la Mwanamaji limeleta kurasa chache tu. Mmojawapo ni ukurasa wa mbele wa Kiingereza, ambao ndani yake kuna msimbo unaohesabu siku zilizobaki kabla ya kongamano la 2015, na hesabu ikifika chini ya sifuri inaficha matokeo. Umekuwa ukitekelezwa kila mgeni anapofungua tovuti kwa miaka tisa. Naomba ushauri: naufuta tu?

#28 Mwanamaji · 19 Agosti 2024

Usiufute kwanza. Soma mistari yote hadi chini. Mafundi wa namna hiyo walipenda kuweka mambo mawili katika kisanduku kimoja, na la pili huwa ndilo linaloonyesha menyu.

#29 Mhariri_Mkazi · 19 Agosti 2024

Ni kweli, Mwanamaji. Linabadilisha lugha.